Jibu: Kwa nini dawa ilenge seli yetu badala ya VVU?

Mkuu, umeuliza inakuwaje dawa izibe protini ya mwili wetu wakati adui ni VVU. Ni kwa sababu VVU hujinakili kwa makosa mengi, na humo ndimo usugu dhidi ya dawa unapozaliwa. Protini ya seli yako haibadiliki ovyo hivyo.

Chukua CCR5, protini iliyo juu ya seli zetu nyeupe za damu. Kirusi hushika kwanza protini nyingine, CD4, juu ya seli nyeupe, kisha hutafuta mshikio wa pili, mara nyingi CCR5, ndipo kiingie. Dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa Marekani 2007, hujibana ndani ya CCR5 na kuibadilisha umbo. Kirusi kikifika hakina pa kushika. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na saratani ya damu, alipandikizwa Berlin seli za mtu aliyezaliwa bila CCR5 inayofanya kazi. VVU havikurudi hadi alipofariki 2020, na kilichomuua ni ile saratani.

Ila vipo virusi vinavyopitia mshikio mwingine, CXCR4, na hivyo maraviroc haivigusi, kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza. Basi tuzibe CXCR4 pia? Watafiti walijaribu kwa dawa iitwayo plerixafor, seli mama (zinazozaa seli za damu) zikaanza kumwagika kutoka kwenye uboho. Leo dawa hiyo hutumika kuvuna seli za kupandikiza!