Utumbo ulishatolewa, kwa nini nirudi kwenye kamera?

SWALI: Jambo Docta. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Kadutu, Bukavu, nina miaka 38. Mwaka 2016 nilipasuliwa, wakatoa utumbo mpana kwa sababu ulijaa vinyama, ugonjwa uliomchukua baba, kisha kaka yangu mkubwa. Waliniachia kipande cha mwisho tu, wakakiunga na utumbo mwembamba. Naenda choo mara tano kwa siku, nimezoea. Huu ni mwaka wa tatu sijapigwa kamera ya kuchungulia kipande hicho kwa ndani. Siumwi popote, na pesa yote inakwenda kwenye masomo ya watoto. Je, kansa haikutoka pamoja na utumbo? — Mama Furaha

JIBU: Mama Furaha, pole sana kwa baba na kaka. Upasuaji ule ulikuokoa kweli: utumbo wa namna ile ukiachwa, kansa humfikia karibu kila mgonjwa, mara nyingi kabla ya miaka 50. Lakini chanzo hakikuwa utumboni tu. Ni hitilafu kwenye jene iitwayo APC, mojawapo ya maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi; umezaliwa nayo, na imo mwilini mwako kote.

Kipande ulichoachiwa, yaani puru, kina utando uleule wa ndani. Vinyama huota humo vidogo kama punje za mtama, haviumi, havitoi damu. Ndiyo maana hiyo “siumwi” yako inanitia hofu. Kimoja kikikua ndicho hugeuka kansa, na mwenye nacho anapoanza kuona damu huenda amechelewa. Puru hupigwa kamera kila miezi 6 hadi 12, maisha yote. Daktari huvikata au kuvichoma hapohapo. Vikimshinda wingi, atakushauri puru nayo itolewe. Miaka mitatu ni mingi mno, mama. Nenda mwezi huu, hata kama kitenge cha mteja kitalala kwenye mashine.

Omba pia kamera ya kupitia mdomoni. Pale nyongo inapomwagikia, mwanzo wa utumbo mwembamba, ndipo kansa huwavizia sana waliokwisha kutolewa utumbo mpana. Ukigusa uvimbe mgumu tumboni au kwenye kovu, usikubali mtu aukande. Uonyeshe kwa daktari. Tezi ya shingo nayo ipimwe.

Na watoto? Kila mmoja, wa kike na wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi hitilafu hiyo. Kamera yao huanza kwenye miaka 10 hadi 12, hata kama mtoto anashinda uwanjani akicheza mpira.

Itafute karatasi ya upasuaji wako uende nayo. Kama imeandikwa ni sentimita ngapi za puru zilizobaki, daktari wa kamera ataanzia hapo.