Wale malkia wawili

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijanawa uso. Unasema msimu wa mashindano ya poka ya Las Vegas unakaribia, hujawahi kucheza vizuri kama unavyocheza sasa, na bado hulali. Unataka kuuza nusu ya hisa za mashindano yako yote, yaani wengine wakulipie nusu ya viingilio na wachukue nusu ya utakachoshinda, kuanzia yale madogo ya mwisho wa Mei hadi lile kubwa la Julai, la ubingwa wa dunia, lenye kiingilio cha dola 10,000. Kisha ukauliza: "Baba, hiyo itakuwa busara au woga?" Ukaishia hapo, hata kuniaga hukuniaga.

Hisa nitazifikia. Kwanza niache na hilo neno la mwisho, maana wewe na mimi tunajua lilivyoingia kati yetu. Miaka yote hii hatujalizungumza, na mkubwa ni mimi, kwa hiyo aliyepaswa kuanza ni mimi.

Siku ile ya tatu ya shindano nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, hatua kama sita kutoka mgongoni kwako. Walikuwa wamebaki wachache tu wa kutolewa kabla malipo hayajaanza, maana wanaotolewa mapema hawapati kitu. Ukapandisha dau. Yule bwana wa shati la kijivu, ambaye tangu asubuhi sikumsikia akisema neno, akasukuma mbele chipu zake zote, vile vidude vya kuwekea dau. Ukainua pembe za karata zako kwa kidole gumba, mkono mwingine umezifunika kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo. Ulikuwa unazungusha chipu moja kati ya vidole. Nikaiona imesimama. Msimamizi akaitwa, akaanza kukuhesabia sekunde, na zilipobaki tatu ukazisogeza karata mbele kifudifudi, ukajitoa. Yule bwana naye akazitupa zake bila kumwonyesha mtu. Mgawaji akazivuta zote, akazichanganya na zilizokwisha kutupwa.

Wakati wa mapumziko ulinijia kwenye korido na chupa ya maji mkononi. Macho yalikuwa yanang'aa. Ukaninong'oneza, "Nilikuwa na malkia wawili, Baba. Nimewatupa." Ulikuwa unaniletea kitu, mama, kama ulivyokuwa ukiniletea daftari lako la hesabu ulipokuwa darasa la pili, umekunja ule ukurasa wenye vema nyingi ili nianze na huo. Nami nikakujibu neno moja: "Umeogopa."

Ulifunga kizibo cha chupa, ukakaza, ukarudi mezani.

Haikupita saa ukapata ghulamu wawili, karata zilizo chini ya malkia. Mtu mwingine akasukuma zote. Safari hii hukufikiri hata sekunde kumi. "Nafuata," ukasema, kwa sauti iliyonifikia nyuma ya kamba, ukaweka na zako zote. Akafunua wafalme wawili. Ukatoka mikono mitupu, malipo yakiwa karibu kabisa. Hujawahi kuniambia kwamba ulifuata kwa sababu ya neno langu. Sijawahi kukuuliza. Lakini sekunde zile nimezihesabu mara nyingi kuliko unavyodhani.

Marehemu mama yako, aliyekufundisha kuchanga karata kabla hujajua kufunga kamba za viatu, alikuwa na usemi wake, na nyote mlioketi kwenye mkeka wake mnaujua: karata hugawiwa, uamuzi haugawiwi. Angekuwepo siku ile asingekuambia nililokuambia. Angekuuliza, "Ulifikiri nini?" Halafu angekaa kimya asikilize.

Baadaye nilikaa na kalamu na karatasi, kwa sababu nilitaka kujua kama nilikukosea. Nikajifunza mwenyewe. Ukiwa na malkia wawili, mwenzako anaweza kuwa na ree wawili, karata kubwa kuliko zote, kwa njia 6, wafalme wawili kwa njia 6, na ree na mfalme kwa njia 16. Kwa zile njia 12 za kwanza ungeshinda chini kidogo ya mara moja kati ya tano. Kwa zile 16 ungeshinda zaidi kidogo ya nusu. Ukijumlisha, kama yule bwana ni mtu wa kusukuma kwa karata hizo tu, ungeshinda kama mara 4 kati ya 10, na mara 6 ungepoteza chipu zako huku malipo yako mlangoni. Nikafurahi, nikasema basi binti yangu alikuwa sahihi. Halafu nikajiuliza: na kama alikuwa mtu wa kusukuma hata kwa ghulamu wawili, hata kwa karata mbili za kumi? Hapo hesabu inageuka, na kutupa ndiko kunakuwa kosa. Kalamu ikanifikisha hapo, ikagoma. Kilichobaki ni kumjua yule mtu, na wewe ndiwe uliyeketi naye tangu asubuhi. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wako.

Kwa hiyo woga ulikuwa wapi? Nadhani ulikuwa wangu. Nilikuwa nimewaambia watu nyumbani kwamba siku ile utaingia kwenye malipo.

Sasa hisa. Nimewasikia wenzako wakisema anayejiamini hauzi. Mimi siuoni ukweli huo. Stu Ungar, ambaye wengi wa wanaoujua mchezo huu humtaja kwanza wakiulizwa nani alikuwa na kipaji kuliko wote, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980 na 1981, kisha akautwaa tena 1997. Safari hiyo ya tatu kiingilio hakikuwa chake, alilipiwa na Billy Baxter, na ile dola milioni 1 wakagawana nusu kwa nusu. Je, Ungar aliogopa? Hakuwa na fedha, basi. Na mwaka uliofuata alikutwa amekufa katika chumba cha moteli palepale Las Vegas, ana miaka 45, na fedha zilikwisha kumtoka. Nikifika hapo najipinga mwenyewe: kuuza hakukumwokoa. Mchezaji anaweza kuuza nusu na bado akaipoteza nusu iliyobaki. Lakini wewe si Ungar. Wewe unaandika kila senti katika lile daftari la jalada jekundu, na Ungar nadhani hakuwa na daftari.

Kuna yule mhasibu, Chris Moneymaker, wa mwaka 2003. Alipata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, akauza sehemu ya hisa zake, baba yake akiwa mmoja wa walionunua. Walikuwa wachezaji 839, akawashinda wote, dola milioni 2.5. Huyo baba nimemfikiria sana kuliko mwanawe.

Usemi wa mama yako naushika, ila nakiri kuna siku unanichosha. Uamuzi mzuri haulipi kodi ya nyumba. Katika mashindano haya wanaolipwa ni kama watu 15 kati ya kila 100, na hao 85 wengine wamo walioamua vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe mwaka jana ulikuwa miongoni mwao mara nyingi mno, ukakonda, kaka yako akanipigia simu ananiuliza kama tukuambie uache. Nikamwambia hapana. Nikakata simu nikajiuliza kwa nini nimesema hapana kwa haraka vile, kama wewe na wale ghulamu.

Na ile ndoto yako ya meza ya mwisho ya shindano kubwa naijua, hata usipoitaja. Barbara Enright alifika hapo mwaka 1995, mwanamke wa kwanza, akamaliza wa tano. Alitolewa akiwa na nane mbili dhidi ya sita na tatu! Aliweka zote akiwa mbele, karata za mezani zikamkana. Ikapita miaka 30 hadi Leo Margets alipofika tena, 2025, akamaliza wa saba. Uliponipigia usiku ule kunipa habari ya Margets ulikuwa unalia, na mimi nilijifanya mtandao unakatika kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Umeniomba jibu, na ninalo hapa ulimini. Nikilitoa, litakaa nawe mezani kama lile la kwanza lilivyokaa, na sitaki kukuona tena ukifuata bila kufikiri kwa sababu baba yako yuko nyuma ya kamba. Karata hugawiwa, mama, uamuzi haugawiwi, hata na baba. Wewe ndiwe unayejua daftari linasema nini na usiku unakuambia nini. Ukiamua kubaki na zote, sitasema neno. Ukiuza nusu, vilevile, ingawa... basi, naacha.

Ila ukiuza, usimalize kabla ya kuniambia. Nataka asilimia 5 ya lile shindano kubwa. Najua wengine unawauzia kwa nyongeza, kwamba hisa ya dola 1,000 wanailipia 1,200 kwa kuwa wanaamini mkono wako. Nihesabie kwa bei hiyohiyo. Ya asilimia 5 ni dola 600, nimeshaziweka kando, ziko ndani ya bahasha kwenye saraka ya mama yako.

Baba yako