Mgeni wangu nampeleka kwenye nyumba ya chupa

Mmeuliza wiki hii: mgeni akikujia kwa siku tatu, utampeleka wapi? Mimi naishi Las Vegas, jimbo la Nevada, na kila anayepiga simu kutoka nyumbani anaanza na kasino. Hizo ataziona tu tukitoka uwanja wa ndege, hata akiwa anasinzia. Mgeni wangu namtoa mjini alfajiri.

Mwaka jana alikuja mjomba, fundi mwashi wa Tanga aliyestaafu kwa jina tu. Siku ya kwanza tulikwenda Valley of Fire, mwendo wa saa moja hivi: miamba ya mchanga, myekundu kama kaa la moto, na juu yake michoro waliyoichonga watu wa kale. Akasema pazuri, akaomba chai. Chupa ya chai nilikuwa nimeisahau mezani, na nililisikia hilo njia nzima.

Siku ya pili ndiyo alichangamka. Tulikwenda Rhyolite, karibu na mji mdogo wa Beatty (jaza tangi hapo, mbele ni jangwa tupu). Dhahabu ilipatikana mwaka 1904, mji ukachipuka kama uyoga, na baada ya miaka michache watu wakaanza kufungasha. Benki ya ghorofa tatu imebaki kuta. Ukichungulia dirishani unaona mbingu. Mjomba aliipita kama haioni. Alikwama kwenye nyumba ya chupa.

Mwaka 1906 mzee mmoja, Tom Kelly, alitaka kujenga, na mbao zilikuwa adimu. Chupa tupu ndizo zilizojaa, maana baa zilikuwa nyingi. Akazipanga, takriban 50,000, vitako nje na shingo ndani, akazishika kwa udongo. Siku hizi kuna uzio. Mjomba aliuegemea, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba kama timazi, akaifuata kona polepole toka chini hadi juu.

"Imenyooka," akasema. "Huyu chupa alizikuta tupu."

Halafu akauliza: udongo huu, mvua ikinyesha? Nikamwambia mvua ya huku ni ya kuhesabu kwa vidole. Akaguna, akarudia kona ya pili.

Hapo jirani kuna sanamu nyeupe kama mizimu, nguo tupu zisizo na mtu ndani, alizozitengeneza Mbelgiji Albert Szukalski mwaka 1984. Mjomba alikataa katakata kupigwa picha nazo.

Siku ya tatu tulikwenda Cathedral Gorge, karibu na Panaca. Zamani palikuwa ziwa. Likakauka, na maji ya mvua yakauchonga ule udongo wa chini kuwa minara na vichochoro vyembamba vya kupita ubavu ubavu. Aliyeona nguzo za Isimila kule Iringa atapata picha. Fly Geyser hatukufika, iko mbali sana kaskazini: kisima kilichochimbwa mwaka 1964 kutafuta joto la ardhini, kikaachwa bila kuzibwa sawasawa, na mpaka leo kinarusha maji moto juu ya kichuguu chenye rangi nyekundu na kijani.

Wiki iliyopita mke wa mjomba alinipigia. Uani kuna magunia saba ya chupa za soda, na anataka nimweleze nilimwonyesha nini mume wake.