Mkuu usichukue damu ya mtu Usangu kama hela ya kurudisha majibu haijatengwa

Mkuu simamisha hiyo safari kwanza. Nimesoma bandiko lako lote, mko watu wa chuo, hospitali ya wilaya na wabia wa nje, mnataka kupima wafugaji brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi na kushika mimba iliyotupwa, kule Mbarali bonde la Usangu, mjue kwa nini wao wanaumwa sana na huduma haziwafikii, na unauliza vibali vinaanzia wapi, posho za wadodosaji ziweje, data ikae kwa nani na majina kwenye chapisho yapangweje. Halafu katikati umepitisha kasentensi kwamba mrejesho kwa jamii mtaufanya mwisho wa mradi "kama fungu litabaki". Halibaki mkuu. Halijawahi kubaki.

Mradi niliokuwa naratibu ulikuwa bonde hilohilo na ugonjwa huohuo. Karatasi zote tulikuwa nazo, cheti cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) cha wale wenzetu wa nje, barua ya RAS (katibu tawala wa mkoa), ya DED (mkurugenzi wa halmashauri), ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mpaka mtendaji wa kijiji kagonga muhuri. Tukaingia kwenye maboma ya Wabarabaig na Wasukuma, wametupokea vizuri, wametupa viti, wameweka dole gumba kwenye fomu za ridhaa, tukatoa damu, tukafunga maboksi ya barafu tukaondoka.

Sasa sikiliza hapa. Kipimo tulichoanza nacho ni Rose Bengal, unaweka tone la seramu, yaani maji ya damu, na tone la ile dawa nyekundu kwenye kigae, unachanganya, unatikisa dakika nne, ikifanya chembechembe ujue huyo anahitaji kufuatiliwa. Dakika nne! Yaani tulirudi Mbeya mjini na ndani ya wiki ileile tuna daftari la watu ambao inawezekana kabisa homa zao za kuja na kuondoka ni brusela, na wao wako bomani wanameza dawa za malaria, viungo vinauma, usiku jasho, na asubuhi wanaendelea kunywa maziwa mabichi na kuvuta ndama kwa mikono mitupu ng'ombe akitupa mimba. Tiba ipo, ni doksi (antibayotiki ya doxycycline) na dawa nyingine pamoja kwa wiki sita. Majibu yalikaa kabatini.

Na yalikaa kwa sababu kuna mshauri tuliletewa, mtu wa makongamano, akatuambia majibu ya mtu mmojammoja yatavuruga utafiti, kinachotakiwa ni asilimia ya jumla, na mrejesho maana yake ni ripoti wilayani. Kweli cheti kinataka ripoti ziende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya, lakini hakuna mahali kilipokataza kumwambia mama mwenye homa kipimo chake kimesemaje! Fungu dogo la mrejesho tulilokuwa nalo akalihamishia kwenye warsha ya wabia hotelini, watu wakala kuku wakapiga picha. Mpaka leo nikiliona jina lake kwenye ratiba ya mkutano damu inanichemka, maana yeye alilipwa akaondoka, waliobaki kuangaliana na wazee ni sisi.

Tuliporudi awamu ya pili maboma hayana watu. Sio kwamba walihama, moto ulikuwa unafuka na ndama wamefungwa zizini, walituona vumbi letu kwa mbali wakaingia porini. Tukampata mzee mmoja chini ya mti, katusalimia kwa heshima zote, halafu kauliza, "Wanangu, ile damu mliipeleka wapi?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la kumpa. Neno lilishaenea kwamba tunahesabu kaya na mifugo ili watolewe. Na usiwaone wa ajabu, hawa ni watu wanaokumbuka 2006 na 2007, wafugaji waliposwagwa na ng'ombe zao kutoka Ihefu, ardhi oevu ya bonde hilo, mpaka Lindi huko, na 2008 eneo likaingizwa hifadhi ya taifa ya Ruaha. Mtu wa historia hiyo ukimchukulia damu ukanyamaza, atajaza mwenyewe hayo uliyonyamazia, na atajaza mabaya. Awamu ya pili ikafa, wabia wakazuia hela, na mhudumu wa zahanati ambaye hakuhusika kabisa akawa anakataliwa hata chanjo za watoto.

Na hili haliko Usangu tu. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona kule Marekani, walianza kutoa damu 1990 wakijua ni kwa ajili ya kisukari, kumbe ikatumika kutafiti skizofrenia (ugonjwa wa akili) na asili yao, wakaenda mahakamani, 2010 chuo kikuu kilichochukua damu kikalipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Wasani, wenyeji wa kale wa Afrika Kusini, wao 2017 waliandika kanuni zao wenyewe, mtafiti anawafuata kwanza wao. Jamii zimechoka kuchotwa, mkuu.

Kwa hiyo hela ya mrejesho iweke kwenye fungu lilelile la kuchukua damu, sio awamu ya mwisho, na wabia wasaini kwamba haihamishwi. Kabla ya sindano ya kwanza tarehe ya kurudi iwe imetajwa kwenye kikao, zahanati iwe na dawa, na kipimo cha kuthibitisha kiwe kimeshalipiwa. Kaa na wanawake peke yao pia, wao ndio wanaokamua na ndio wanaouguza. Mkalimani atoke bomani sio kijana wa Rujewa mjini. Siku ya mnada usiende, hutamkuta mzee yeyote. Na majibu yafike kabla ya kiangazi kukolea, maana wakishashuka na mifugo kufuata majani hutawapata mpaka mvua.

Vibali anza na maadili kwanza, mengine yanafuata. Data binafsi ya mtu, ya afya ikiwemo, ina sheria yake ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, isome kabla hujaituma nje. Posho na majina kwenye chapisho wengine humu watakujibu. Wewe leo hii mpigie anayeshika bajeti, muulize mstari wa mrejesho una shilingi ngapi, halafu rudi hapa utuandikie amejibu nini.