Diski Ipo, Bakapu Haipo

Ijumaa moja mdogo wangu alinipigia simu kabla hata sijanywa chai. Yeye anapiga video za harusi na sendofu, na kazi zake zote anazimwaga kwenye seva yangu ya nyumbani kwa sababu kompyuta yake imeshajaa siku nyingi.

"Braza, mashine yako haipokei. Inasema imejaa."

"Imejaaje, na juzi tu nimeongeza TB 4?"

"Mimi nitajuaje? Nina harusi kesho."

Nikafanya tunachofanya wote: nikaizima, nikaiwasha. Hilo ndilo kosa lililonila siku nzima, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Jina la seva lisikutishe. Ni kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini, RAM yake GB 8, nimeiweka chini ya ngazi bila skrini wala kibodi. Ndani ina SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 240 yenye Debian, mfumo wa Linux unaoiendesha mashine, na diski ya TB 2 inayobeba picha za familia na harusi za watu. Pembeni kuna ile diski ya nje ya TB 4, niliyoinunua kwa kazi moja tu, bakapu, yaani nakala ya akiba. Kila saa 8 usiku programu ya rsync inanakili vilivyomo kwenye TB 2 kwenda TB 4, kisha skripti, yaani orodha ya amri niliyoiandika, inanitumia ujumbe kwenye Telegram: "Bakapu imekamilika." Usiku ule wa kuamkia Ijumaa ujumbe ulikuja kama kawaida, na mimi nikalala kama mtu aliyelipa madeni.

Mashine ilipowaka tena nikaingia na kuandika df -h, amri inayoonyesha kila diski imejaa kiasi gani. SSD ya mfumo, asilimia 100. Diski ya bakapu ipo mahali pake, /mnt/bakapu, na nafasi tele. Nikauliza kwa du, amri inayojumlisha ukubwa wa mafaili, ni nini kinachokula SSD. Jibu: GB 14. Hesabu hiyo haikubali hata kwa mtoto wa darasa la pili. Nikadhani kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia, jambo linalotokea kweli, lakini ugonjwa huo hupona mashine ikizimwa, na mimi nilikuwa nimeshaizima. Nikatazama df -i, maana diski inaweza kuishiwa nambari za faili kabla ya kuishiwa nafasi. Zipo. Nikafuta kumbukumbu za mfumo (logi), nikapata GB 2 za kumpoza mdogo wangu. Adhuhuri ikanikuta palepale.

Kilichoniokoa ni kutazama yaliyotokea kabla sijazima. Amri ya dmesg hukupa habari za tangu mashine ilipowaka tu, lakini journalctl -k -b -1 hukupa za mara iliyotangulia. Humo nikakuta mstari wa saa 22:12 Alhamisi, yaani saa 4 na dakika 12 usiku: diski ya USB imechomoka. Dakika chache baadaye, diski ya USB imeingia. Ila ilichomoka ikiitwa sdb, ikarudi ikiitwa sdc, majina ambayo mfumo huzipa diski.

Hapo nikakumbuka kwamba Alhamisi usiku umeme ulikatika mtaani. Seva haikutikisika kwa sababu iko kwenye UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika. Adapta ya ile diski ya nje, hata hivyo, ilikuwa kwenye ekstensheni ya kawaida, pamoja na feni, kwa kuwa waya wake ulikuwa mfupi na mimi mvivu.

Sasa fuatana nami taratibu, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza data. Kumaunti diski ni kuipachika juu ya folda. Folda /mnt/bakapu ni mlango tu. Diski ikiwa imepachikwa, ukiingia unaingia ndani ya diski. Isipopachikwa, mlango haupotei. Unabaki folda ya kawaida iliyo ndani ya SSD ya mfumo, na rsync haina kawaida ya kuuliza hodi. Kwenye /etc/fstab, faili linaloueleza mfumo diski ipi ipachikwe wapi, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1. Diski iliporudi kwa jina la sdc hakuna aliyeitambua, ikakaa pembeni. Saa 8 usiku rsync ikakuta folda tupu, ikaanza kunakili kila kitu upya ndani ya SSD mpaka ikagonga ukuta. Skripti yangu nayo ilikuwa na mstari wa mwisho unaotuma ujumbe liwe jua iwe mvua, hata rsync ikifa kwa makosa. Kwa hiyo nikaambiwa imekamilika.

Halafu mimi nikaizima na kuiwasha. Diski ikapata jina lake la zamani, sdb, ikapachikwa vizuri kabisa, juu ya ile rundo la GB 200 na ushee. Ni kama kutandika mkeka juu ya takataka. Du ilikuwa inafagia juu ya mkeka. Kama ningeandika findmnt, amri inayoonyesha vilivyopachikwa, kabla ya kugusa swichi, ningeona palepale kwamba diski haijapachikwa, nami ningemaliza kabla chai haijapoa.

Kufunua mkeka ni rahisi. Toa diski kwa umount, kisha angalia folda ina nini. Kama huwezi kuitoa kwa sababu kuna mtu anaitumia, tengeneza folda nyingine, tuseme /mnt/chini, na uandike mount --bind / /mnt/chini. Ukiingia /mnt/chini/mnt/bakapu utaona SSD yenyewe ilivyo chini ya vyote vilivyopachikwa. Nilivikuta humo. Kabla ya kufuta soma njia ya folda mara mbili, kwa sauti ikibidi, kwa sababu bakapu halisi na takataka zina majina yaleyale.

Baada ya hapo nilibadili mambo manne, na ningekuomba uyabadili leo hata kama seva yako haijawahi kukusumbua.

Kwanza jina. Herufi za sda na sdb hugawiwa kwa kadiri diski zinavyoonekana, hazina mwenyewe. Ukiongeza diski ya tatu zinaweza kubadilishana. Andika blkid, chukua UUID ya diski, yaani namba yake ya kipekee, weka hiyo kwenye fstab. UUID huenda na diski popote utakapoichomeka.

Pili, kwenye mstari huohuo ongeza nofail. Bila neno hilo, diski ya nje ikikosekana wakati wa kuwaka, Debian huisubiri sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura na kukuomba nenosiri kwa kibodi. Kibodi gani, chini ya ngazi? Nimewahi kubeba televisheni ya sebuleni mpaka pale kwa sababu ya jambo hili, watoto wakinifuata wakiuliza katuni zimekwenda wapi. Lakini nofail ina upande wake mbaya: mashine itawaka kimya bila diski, na wewe utadhani mambo safi. Ndiyo maana ya jambo la tatu.

Tatu, skripti ipige hodi. Mstari mmoja kabla ya rsync, mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1, unatosha kuisimamisha ikiwa diski haipo. Ongeza kufuli la pili: diski ikiwa imetolewa, piga chattr +i juu ya ile folda tupu. Kuanzia hapo hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hawezi kuandika ndani yake mpaka diski ipachikwe. Kati ya yote, hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa halitegemei mimi kukumbuka chochote.

Nne, ujumbe wa Telegram. Sasa hautumwi mpaka rsync imalize bila kosa, na hausemi tena imekamilika. Unasema faili mangapi yamenakiliwa na nafasi iliyobaki kwenye diski ya bakapu. Nambari ikibaki ileile siku tatu mfululizo huku mdogo wangu anashinda harusini, najua kuna jambo.

Kuna wakati shida si jina, ni chuma chenyewe. Diski ndogo ya inchi 2.5 ikilia tik-tik na kupotea, mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2 linaahidi miliampia 500 na la USB 3 linaahidi 900, na diski inapoanza kuzunguka hutaka zaidi. Ihamishie tundu la nyuma ya mashine au ipe habu yenye adapta yake. Diski ya TB 4 ikionekana ni 3.6 hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1,024. Ikikuruhusu TB 2 na kidogo tu, basi iligawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, nawe unahitaji ule mpya, GPT. Na ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, ambayo kwenye TB 4 ni GB 200 nzima. Kwa diski ya bakapu ishushe kwa tune2fs -m 1.

Flashi ya "TB 2" inayouzwa barabarani kwa bei ya chipsi kuku, usiihukumu kwa maandishi. Ipime kwa f3, inayoijaza yote na kuisoma tena. Mimi niliyoipima ilikuwa na GB 32.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia diski yangu imekufa kwa sababu ilikuwa haizunguki kabisa. Nilikuwa nimeitoa ndani ya kasha la nje na kuichomeka moja kwa moja kwenye mashine. Haikufa. Kuna diski mpya zinazotumia pini ya tatu ya umeme wa SATA (plagi ya diski za ndani) kama swichi ya kuzimia, na pawasaplai za zamani hupeleka volti 3.3 palepale, kwa hiyo diski hujiona imeamriwa ilale. Kipande cha utepe usiopitisha umeme juu ya pini hiyo kikaifufua. Kabla hujamzika mtu, sikiliza kwanza kama anapumua: andika smartctl -a, inayosoma ripoti ya afya ya diski, na utazame mistari michache tu. Namba 5, 197 na 198 zikianza kupanda, diski inaoza, nunua nyingine. Namba 199 ikipanda peke yake, badilisha waya wa data, maana diski kwa kawaida ni nzima.

Na sasa lile linaloniuma. Miezi kadhaa baadaye ikatokea kinyume chake. Nilikuwa nahamisha ile TB 2 ya ndani, nikaiacha imechomolewa usiku mmoja. Bakapu ilikuwa imepachikwa sawasawa, hodi ikapigwa, ikaitikiwa. Lakini chanzo kilikuwa folda tupu, na rsync yangu ilikuwa na --delete, yaani kilichokosekana kwenye chanzo kifutwe na kwenye nakala. Rsync ikipata hitilafu ya kusoma chanzo huacha kufuta. Folda tupu si hitilafu, ni folda tupu. Ikafuta vyote. Nilinusurika kwa sababu ile TB 2 ilikuwa mezani, nzima. Kama ingeanguka sakafuni asubuhi ile, nisingekuwa na la kuwaambia maharusi.

Tangu siku hiyo napiga hodi milango yote miwili, nimeweka --max-delete, kikomo cha mafaili yanayoweza kufutwa kwa mkupuo, na video za harusi nimezihamishia restic, inayotunza nakala za siku mbalimbali badala ya kioo cha jana tu. Kila mwezi narudisha harusi moja kwenye folda pembeni na kuitazama mpaka ngoma zisikike. Nakala nyingine iko kwa mama, Morogoro. Nilifikiria kuipeleka kwenye intaneti, nikapiga hesabu: TB 1.3 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 ni siku 12 usiku na mchana. Basi la Morogoro halichukui hata nusu siku, na diski naifunga ndani ya taulo.

Adapta ya diski ya nje nayo iko kwenye UPS. Wiki iliyopita ujumbe wa usiku haukuja. Nikashuka chini ya ngazi na tochi ya simu, bila kugusa swichi, nikaandika findmnt kwanza. Diski haipo. Nikamulika UPS. Kwenye tundu la adapta kulikuwa na chaja ya betri za kamera.

Nimebandika karatasi pale: USICHOMOE. Mdogo wangu ameongeza kwa kalamu chini yake, "Samahani braza, nilikuwa na sendofu."