Jibu: Kanyasulkam mbili zisizofanana

Habari, ndugu. Nimeelewa: nakala yako ya Kanyasulkam, ile tamthilia ya Kitelugu (lugha ya kusini mwa India), na ya mwenzako hazilingani, na kila mmoja anadhani mwenzake kauziwa feki. Angalieni kwanza mwaka. Mwandishi wake, Gurajada Apparao, aliichapa 1897, kisha akaiandika upya 1909, ikawa ndefu zaidi. Mimi nilihangaika wiki nzima nikiyasaka maneno ya Madhuravani, yule kahaba mwerevu, kumbe nimeshika toleo la kwanza!

Halafu hiyo kanyasulkam, yaani bei ya bibi arusi, usiisome kama mahari yetu. Pale baba anapokea pesa, binti mdogo anakabidhiwa kwa mzee mkongwe. Ndiyo maana ile hila ya kwenye tamthilia inachekesha: mvulana anavishwa kike, anaozwa kwa Lubdhavadhanlu, bahili kupindukia. Soma kwa sauti. Kitelugu chake ni cha kuongea.