Jibu: Mashua inang'ang'ania kugeukia upepo

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: mashua yako ya mita 6 inakwenda vizuri upepo ukiwa mwanana, lakini ukizidi kidogo kana (mpini wa usukani) inakuwa nzito mkononi na omo (mbele ya mashua) inakimbilia kwenye upepo. Sasa unataka kuhamisha mlingoti. Tafadhali usikate mbao bado!

Anza na usukani. Kama ubao wake ni wa kukunjwa, hakikisha umeshuka mpaka mwisho na kamba yake imekazwa. Wangu ulikuwa unanyanyuka kidogo tu kwa nguvu ya maji, ukabaki umelala nyuma, na mkono uliniuma msimu mzima nikilaumu tanga.

Pili, tazama mashua inavyolala. Ikilala sana, nguvu ya tanga inahamia nje ya ubavu na kuizungusha kuelekea joshi (upande upepo unakotoka), hata kama vipimo vyote ni sahihi. Wapeleke mabaharia upande wa joshi, livute tanga kuu liwe bapa, au lipunguze ukubwa mapema. Kwa mashua ya mashindano ambayo pia ni ya safari, hapa ndipo wengi tunakosea: tunabeba tanga la mashindano na watu wawili tu.

Ikiendelea kugeukia upepo, simamisha mlingoti wima zaidi kwa kulegeza kamba za nyuma na kukaza ya mbele, kidogo kidogo. Kama mkuku wako (ubao wa chini ya mashua) ni wa kupandishwa kwa kuzunguka, upandishe kiasi. Ubao huo utarudi nyuma, na mvuto wa kugeukia upepo utapungua.

Usiumalize mvuto wote, lakini. Usukani kupinda nyuzi (digrii) 3 hadi 5 ukienda joshi ni vizuri, kunakusaidia kupanda kuelekea upepo.